Imeshika

Mahali ninapofanya kazi tuna neno moja tu la furaha, nalo ni imeshika. Mengine yote ni ya subira: bado, ngoja, jaribu tena, safisha, funga mlango. Ukisikia imeshika, hata mtu wa lango anajua kwamba siku hiyo daktari atatununulia chai na mandazi.

Ninatunza panya. Watu wa Gatina, ninakopanga, wakiniuliza kazi yangu nawaambia niko maabara, na wengi hudhani ninapima malaria. Nimeacha kuwasahihisha. Ukimweleza jirani kwamba unawalisha panya, unawabadilishia matandiko na kuwapa maji safi, ilhali yeye anapigana na panya wanaomtobolea mfuko wa unga, anakutazama kama mtu aliyerukwa na akili. Na pengine ana haki.

Panya wetu ni weupe, wapole, na wamepandikizwa uvimbe kwenye ini. Daktari tunayefanya naye kazi anatafuta njia ya kuuona uvimbe wa namna hiyo ungali mdogo, kabla mwenyewe hajahisi lolote. Anatumia kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hutengeneza ili kumtambua adui. Anachagua zinazoutambua uvimbe wa ini, kisha anazifunga iodini yenye mionzi, ili popote zitakapokwenda kamera iweze kuziona. Mimi ndiye ninayeupasha mkia wa panya kwa maji ya uvuguvugu mpaka mshipa ujitokeze, naye anadunga. Kabla ya hapo huwa nimewatilia panya matone ya iodini ya kawaida kwenye maji ya kunywa, ili tezi ya shingo ishibe na isiibe ile ya kazi. Ni kazi ya kutulia, na kwa kuwa mimi si mtu wa kutulia, imenifunza adabu.

Halafu tunangoja. Mwanzoni kamera huonyesha ini lote jeusi tititi, kwa sababu ini lina tamaa, linajizolea kila kinachopita kwenye damu. Siku zikisonga linajisafisha polepole, na ikiwa kingamwili ni nzuri, linabaki doa moja tu pale uvimbe ulipo. Hapo mwenzangu wa kamera, mtu wa Kisumu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, hutangaza: imeshika! Maana yake ni kwamba kingamwili imeushika uvimbe. Basi. Haimaanishi kitu kingine chochote, na laiti ningalijua mapema kwamba nje ya ukuta ule neno hilo lina maana nyingine, ningalimwomba atafute lingine.

Kaka yangu alikuwa fundi wa viti Kianda, kule Kibera, upande wa Olympic. Alinitangulia kuja Nairobi kutoka kwetu Magharibi, akanilipia karo ya chuo kwa viti vya sofa, na alipenda kunikumbusha hilo mbele ya wageni. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya njia, na sofa zilipangwa nje zikiwa zimefunikwa nailoni, kubwa kuliko milango ya nyumba zilikokuwa zinakwenda. Wakati fulani alitaka kutuletea maranda ya kuwalazia panya. Daktari alikataa kwa sababu mbao zake zilipakwa dawa ya mchwa. Kaka alicheka wiki nzima. "Sis, panya zenu zinachagua godoro? Mimi watoto wangu hawachagui."

Ugonjwa ulimjia kama vidonda vya tumbo. Alisema tumbo linajaa akila kidogo, na muuza dawa wa mtaani akampa vidonge vya asidi, vikaisha, akampa vingine. Alikonda. Nilimwona kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumapili suruali ilikuwa imevutwa tundu moja zaidi la mshipi. Nilipoona weupe wa macho yake umegeuka rangi ya chai ya rangi, nilimfokea mpaka akavaa viatu twende hospitali.

Skani ilionyesha uvimbe mkubwa upande wa kulia wa ini na mwingine mdogo mdogo umetapakaa. Daktari wa pale alitueleza taratibu, bila kujificha nyuma ya Kiingereza, kwamba kupasua hakuwezekani tena. Alisema huenda ni kirusi cha homa ya ini ambacho kaka alikuwa nacho tangu utotoni, na akauliza kama sisi wengine tumepimwa. Mimi nilikuwa nimepimwa na kuchanjwa, kwa sababu kazi inataka hivyo. Nilichanjwa ili nishike panya wenye ini bovu, na kaka yangu, aliyenisomesha, hakuna aliyemchanja. Niliona aibu kama mtu aliyekula peke yake.

Walimpa tarehe ya kurudi kwenye kliniki ya maumivu. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Walikuwa na dawa ya maji ya kutuliza, walikuwa na namna ya kupunguza maji tumboni, na walisema wazi kwamba asipokuja mapema atateseka bure. Nilitoka pale nikiwa na kazi moja tu kichwani: kumfikisha kaka kwenye kliniki ile. Kumponya ilikuwa nje ya uwezo wangu, lakini kumfikisha pale niliweza.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimeketi kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Mkewe alikuwa anapika mlangoni. Kaka alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, macho amefumba, nami nilidhani amelala. Simu ikalia. Alikuwa mwenzangu wa kamera, aliyebaki zamu, na sauti yake haijui kunong'ona.

"Mama, imeshika!"

"Imeshika? Kweli?"

"Yote! Ini imesafika kabisa. Hata yule mnyonge, yule tulisema hatafika leo."

"Yule mnyonge pia? Asante Mungu," nikasema, na nilifurahi kwa dhati, kwa sababu kundi lile la panya lilikuwa limetusumbua tangu mwanzo wa mwaka.

Nilipokata simu, kaka alikuwa amefumbua macho. Sikuwa nimeyaona yakinitazama vile tangu skani.

"Dawa imeshika," akasema.

"Si dawa, bro. Ni ile kitu ya kuonyesha."

"Nimeskia. Ini imesafika. Hata mnyonge." Akajiinua kwa kiwiko. "Si hao panya wako na hii ugonjwa yangu?"

Nilianza kumweleza. Nilimwambia kingamwili, naye akalidaka neno hewani: kinga ya mwili, si ndiyo hiyo tunaomba? Nikasema inautafuta uvimbe. Akasema vizuri, itafute. Nikasema inaupata. Akasema vizuri zaidi. Nikasema inaushika, na hapo kaka akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akizungukazunguka.

"Sis, mimi ni fundi. Gundi ikishika, kiti inakaa. Hakuna gundi inashika alafu kiti inaanguka."

Katika Kiswahili kizima hakuna mtu anayesema dawa imeshika akimaanisha kwamba mgonjwa yuko vile vile. Tunasema hivyo homa inapotulia, mtoto anapoacha kulia, jasho linapotoka. Sisi wa maabara tulilichukua neno la watu tukalipa kazi yetu, na siku ile lilirudi kwa mwenyewe likiwa limebeba uongo. Nilikasirika. Nilimkasirikia mwenzangu na sauti yake ya kwaya, nikajikasirikia mimi na asante Mungu yangu. Zaidi ya yote nilimkasirikia kaka kwa jinsi alivyopendeza akiwa na matumaini.

Jioni ile alikula. Mkewe alimpakulia ugali na mrenda kidogo kwa mazoea tu, akamaliza, akaomba tena. Mke wake alinitazama juu ya sahani ile kwa macho yaliyojaa machozi ya shukrani. Mimi nilitafuta pochi yangu nikaaga.

Tarehe ya kliniki ilipofika, kaka hakwenda. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nikatembea kutoka Gatina asubuhi na mapema, nikamkuta amekaa nje ya karakana anawaelekeza wenzake namna ya kuvuta kitambaa cha kiti. Alisema hawezi kwenda kunywa dawa ya kulala wakati dawa ya kupona iko kwa dadake. Angoje nini hospitalini? Wangemjaza sumu nyingine, halafu yetu ikija ikute mwili umechoka.

"Hakuna inayokuja," nikamwambia. "Kwani unaskia aje?"

"Naskia poa. Najua huwezi sema. Kazi ni kazi, mtu anaweza futwa." Akashusha sauti. "Siharakishi. Wakikubali ndio uniletee."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila nikikana ninamthibitishia. Alikuwa ameshajenga hadithi nzima: kuna dawa, ni ya siri, dada ameapishwa, dada anahangaika kwa wakubwa wake. Katika hadithi ile nilikuwa mtu mwema sana. Na maumivu yalikuwa yanaongezeka. Usiku alikuwa akilia kwenye mto ili watoto wasisikie. Mkewe alinieleza hivyo akiwa ameegemea ukuta, nje.

"Anti," akaniambia, kwa maana huniita kama watoto wake wanavyoniita, "kama ni kitu inatakiwa tunyamaze, tutanyamaza. Mimi siwezi ambia mtu."

Lakini watu walikuwa wameshaambiwa. Kikundi cha maombi kilikuwa kinaliombea baraka lile jambo la maabara, bila kulitaja. Mama mwenye nyumba, Mnubi wa makamo ambaye familia yake ilikuwa Kibera kabla ya mabati, alinisimamisha kwenye ujia akiwa na chupa ya uji aliyompikia kaka. Alinishika mkono. "Mwanangu, mimi siulizi. Lakini ikitoka, mkumbuke na ndugu yangu, naye ni ini." Nilisema nitakumbuka. Ungesema nini wewe?

Nilimwendea daktari wetu. Ni mwanamke mkavu, hapendi stori, lakini alifunga mlango na kuniwekea kiti. Nilidhani ataniambia maneno ya kuwatuliza watu. Nilimwomba angalau picha ya kamera, nimwonyeshe kaka kwamba ni doa tu. Alifikiri kidogo.

"Picha itamdanganya zaidi," akasema. "Ataona doa ameonyeshwa na dada yake, atasema mmefika karibu. Mama, wewe umemwambia kila kitu tunachofanya mpaka kamera. Umemwambia kinachofuata?"

Sikuwa nimemwambia. Hata nyumbani kwangu sikuwahi kulisema. Kamera ikishamaliza, panya analazwa usingizi ule ambao haamki. Anapasuliwa, ini linatolewa, uvimbe unatengwa na ini, na kila kimoja kinapimwa mionzi yake kwenye mashine, ili ijulikane ni kiasi gani kilikwenda mahali pake na kiasi gani kilipotea. Kisha vinafungwa na kuwekwa kwenye chumba cha kuta nzito mpaka mionzi ipoe. Wanaoshika na wasioshika, wote ni mamoja. Mimi ndiye huwa nimewabeba kutoka kwenye vizimba vyao, mmoja mmoja, nikiwa nimewakumbatia kwa kitambaa ili wasiogope. Ninaipenda kazi yangu, na sehemu ile ninaichukia, na sijawahi kupata njia ya kuyatenganisha hayo mawili.

Nilikwenda Kianda jioni ya siku ile ile, nikiwa bado na harufu ya sabuni ya maabara. Kaka alikuwa kitandani. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, na miguu imevimba. Mkewe aliketi upande wa miguuni akimkanda. Watoto walikuwa wametumwa kwa jirani. Niliketi kwenye kigoda changu.

"Umeleta?" akauliza, nusu utani.

"Bro, hujawahi niuliza hao panya huenda wapi."

"Wakishapona?"

"Wakishashika."

Akangoja. Nilimwambia yote. Sikutumia neno kingamwili, wala mionzi. Nilimwambia kwamba yule mnyonge aliyesikia habari zake kwenye simu alikufa kesho yake asubuhi, mikononi mwangu, na kwamba aliuawa kwa sababu ilikuwa imeshika. Nilimwambia uvimbe wake ulikuwa mzima kabisa, umenona, haukuguswa, na kwamba tuliupima na kuandika uzito. Nilimwambia sisi hatujawahi kumponya panya hata mmoja wala hatujawahi kujaribu. Tunatafuta tu mahali ulipo. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu ningeilegeza ningelia, na ningelia angedhani ninaigiza.

Mkewe aliacha kukanda.

Kaka alitazama mabati ya juu. Nilimwona akilitafuta tundu kwenye maneno yangu, mahali pa kupenya, kama alivyozoea. Hakulipata. Fundi anajua kitu kikivunjika vibaya.

"Kwa hivyo hiyo kazi yote," akasema, "mwisho yake ni kujua iko wapi."

"Ndio."

"Yangu inajulikana iko wapi."

"Ndio, bro."

"Basi mimi nimepita hapo kitambo." Alifumba macho. Kisha akasema, "Nipeleke hiyo kliniki ya maumivu."

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Bodaboda haingeweza kumbeba, kwa hiyo vijana wa karakana walimtoa na kiti, kiti cha sofa ya mtu mmoja walichokuwa hawajakivisha kitambaa, wakambeba nacho mpaka barabarani penye teksi. Kliniki walimpokea kwa upole. Walimtoa maji tumboni, wakampa ile dawa ya maji, wakatuonyesha namna ya kuipima kwa sirinji na kumpa mdomoni. Usiku ule alilala. Mkewe alinipigia simu asubuhi kuniambia amelala bila kulia, nami nilikaa kwenye ngazi za ploti yetu nikalia kwa niaba yake, huku wapangaji wakinipita na ndoo zao.

Aliishi wiki chache baada ya hapo. Ninataka kusema zilikuwa nzuri. Hakuwa na maumivu makali tena, na kwa hilo ninamshukuru Mungu na wale wauguzi. Aliongea nami kuhusu nyumbani, kuhusu mama, kuhusu nani achukue misumeno. Hakuniuliza tena habari za kazini. Mara moja tu, nilipokuwa nikimgeuza, alisema kwamba nina mikono mizuri ya kushika kitu kinachoogopa. Sijui alikuwa anamaanisha nini, na sikuuliza.

Lakini hakula tena. Mkewe alipika kila alichowahi kukipenda: mrenda, omena, kuku wa kienyeji aliyetumwa kutoka nyumbani kwa basi akiwa hai. Kaka alikuwa anageuza uso, kwa adabu, anasema ameshiba. Kliniki walisema ugonjwa ukifika pale hamu huondoka yenyewe, tusimlazimishe, mwili unajua. Waliniambia hivyo mara mbili, kwa sababu niliwauliza mara mbili.

Tulimzika nyumbani, kwenye ardhi nyekundu nyuma ya nyumba ya mama. Jioni, watu walipokuwa wanapungua, nilimkuta mkewe jikoni peke yake, anakwangua sufuria za matanga. Nilichukua mwiko nikamsaidia. Halafu akasema, bila hasira, bila hata kunitazama:

"Anti, wakati alikuwa anangoja dawa yako, alikuwa anakula."

Nilitaka kumwambia habari za usiku aliolia kwenye mto. Nilitaka kumwambia walichosema kliniki, kwamba mwili unajua. Yote yalikuwa kweli, nilikuwa nayo tayari mdomoni. Sikuyasema, kwa sababu lile alilosema yeye pia lilikuwa kweli, na ndilo ninalokwenda nalo kazini.